Programu Yako Imewahi Kufika Kisumu?

Najua nimepotea, na wawili watatu kati yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimestaafu. La, sijastaafu. Nilikuwa safarini. Mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tuliingia kwenye gari letu la kulala, tukatoka Kangemi, tukafuata njia ya reli ya zamani hadi bandari ya Kisumu, tukarudi baada ya siku tisa.

Nimerudi na hoja moja, na nitaitaja mapema ili mwenye haraka aende zake: programu isiyoweza kufanya kazi bila intaneti haijakamilika. Sisemi ina kasoro ndogo. Nasema haijakamilika, kama vile nyumba isiyo na paa haijakamilika hata kama milango yake imepakwa rangi. Wengi wetu tunaoandika programu hapa Nairobi tunauza nyumba zisizo na paa, na hatujui, kwa sababu tunapoishi sisi hakunyeshi. Mimi pia nilikuwa nauza. Nitawaeleza jinsi nilivyogundua.

Kwanza gari, maana najua kuna watu humu watakaouliza gari kabla ya kuuliza kitu kingine. Ni Toyota HiAce kuukuu iliyokuwa matatu ya abiria 14. Shemeji yangu ni fundi wa samani pale Dagoretti Corner. Aling'oa viti, akaweka kitanda, masanduku ya vyombo chini yake, na meza ya kukunja. Umeme niliushughulikia mwenyewe kwa vitu vya Luthuli Avenue: paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, na inveta ndogo. Choo hatuna. Tusiulizane zaidi.

Betri hiyo ya volti 12.8 inabeba wati-saa 1,280. Friji yetu ndogo inakula kama 500 kwa siku. Laptopu yangu inakula kama 300 nikifanya kazi saa sita. Nilitamani sana kubeba antena ya Starlink, lakini hata ile ndogo ikila wati 30 usiku na mchana, hiyo ni wati-saa 720. Jumlisha utaona: tungekuwa na deni la umeme kabla ya taa na simu. Nikaiacha nyumbani, nikasema tutategemea mtandao wa simu kama Wakenya wengine.

Na hapo ndipo darasa lilipoanza, hata kabla ya kuwasha gari. Nyumbani Kangemi nina nyaya za faiba, na intaneti kwangu ni kama hewa. Siioni wala siihesabu. Kwenye gari kila kitu kina bei. Niligundua kwamba programu ninayotumia kuandika orodha ya vitu vya kununua, orodha niliyoiandika mimi mwenyewe, kwenye simu yangu mwenyewe, haiwezi kunionyesha neno "kitunguu" bila kwanza kuomba ruhusa kwa seva iliyo bara jingine. Nilicheka. Sikujua kwamba kicheko hicho kitanirudia.

Siku moja kabla ya kuondoka niliwapeleka watoto Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni katikati ya jiji. Pale kuna behewa ambalo simba aliingia akamchukua Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, usiku mmoja wa mwaka 1900 huko Kima. Watoto hawakutaka kuona kitu kingine chochote. Mimi nilitaka waelewe kwamba Nairobi, pamoja na majivuno yake yote, ilianza kama kituo cha njiani. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika kwenye kinamasi hiki 1899, na bohari ikajengwa hapa kwa sababu mbele kulikuwa na milima na Bonde la Ufa. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda ziwani, kama kilomita 930 kutoka pwani. Reli ilifika huko Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia kutandikwa kwa reli. Wenyeji walikuwa na jina lao tayari, na ndilo lililobaki: Kisumu.

Lakini kilichoniteka mimi ni habari ya meli. Meli ya kwanza ya mvuke katika upande huo wa ziwa, SS William Mackinnon, iliingia majini 1900, mwaka mzima kabla ya reli kufika. Ilifikaje? Ilijengwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande, na sehemu ya safari hiyo vipande vilibebwa na wapagazi. Kisha ikaunganishwa upya ufukweni. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo upande wa Kigoma kwa meli ambayo leo inaitwa MV Liemba: ilijengwa Papenburg 1913, ikafungwa ndani ya masanduku takriban 5,000, ikaelea Ziwa Tanganyika 1915.

Hebu fikiria kama mtu wa programu. Unafunga kitu kizima katika vipande, unakituma mahali ambapo hakuna duka la kununua bolti iliyosahaulika. Ukikosea, barua ya kuomba kipande inachukua miezi, na kipande chenyewe miezi mingine. Kwa hiyo kila kitu ambacho meli itahitaji kinapaswa kusafiri pamoja na meli. Huwezi kumwambia nahodha, "Usukani tutakuletea kila utakapouhitaji." Sisi leo tunawaambia wateja wetu maneno hayo hayo, kisha tunawatoza pesa kila mwezi.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Waiyaki Way, Uthiru, Kinoo, Kikuyu, hadi Rironi, kisha tukateremka njia ya Mai Mahiu. Tukasimama kwenye kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano 1942, tukanywa chai ya thamosi tukitazama Longonot. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda. Usiku wa kwanza tukalala Nakuru. Siku ya pili tulipanda hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya kuvunja meno. Hapo watu wengi wanaoelekea Kisumu hufuata njia ya Kericho. Sisi tulitaka kufuata reli, kwa hiyo tukashika ya Londiani, Fort Ternan na Muhoroni.

Kabla ya Fort Ternan ramani ya simu ikageuka kijivu. Kidoti cha buluu kilikuwa bado kinatembea, maana setilaiti za kuonyesha mahali hazihitaji intaneti, lakini kilitembea juu ya karatasi tupu. Mtaalamu wa kompyuta, nimesahau kupakua ramani! Nikamuuliza kijana wa bodaboda, akanielekeza kwa dakika moja, tena akaniambia ni wapi barabara ina mashimo. Mke wangu hakusema kitu. Alitazama tu dirishani akitabasamu.

Muhoroni joto likatupokea, mashamba ya miwa pande zote, na jioni tukaingia Kisumu. Tumeshuka hadi kama mita 1,130, na madirisha yote wazi. Asubuhi yake tulizunguka. Tuliuona mnara wa saa wa mwaka 1938 katika mtaa wa Oginga Odinga, na watoto wakaonyeshwa bandari. Niliwaeleza kwamba katika miaka ya 1930 ndege za kuelea majini zilikuwa zinatua hapa zikitoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika. Hawakuniamini. Kwa hiyo Kisumu iliwahi kuwa mahali ambapo reli, meli na ndege zinakutana, wakati mitaa mingi ya Nairobi magharibi ilikuwa bado mashamba ya kahawa.

Nini kilitokea? Sababu ni nyingi, lakini moja kubwa ni kwamba bandari ilitegemea mnyororo mmoja. Reli na meli za ziwa zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977, mali ikagawanywa, mnyororo ukakatika, na bandari ikapooza polepole. MV Uhuru, ile meli kubwa ya kubeba mabehewa iliyoanza kazi katika miaka ya 1960, ilikaa miaka mingi bila kusafiri; ilirudi kazini mwishoni mwa 2019 ikipeleka mafuta Uganda. Gati ni lile lile na ziwa ni lile lile. Kilichokosekana ni kiungo kimoja tu, na kila kilichokitegemea kikasimama.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka uliotangulia safari hii niliandika programu ya simu kwa ajili ya kikundi cha akina mama wanaouza samaki upande wa Dunga. Kazi yake ni rahisi: amenunua kilo ngapi za ngege au mbuta, kwa bei gani, ameuza kwa nani, nani amelipa na nani amekopa. Niliiandika Kangemi, nikaijaribu Kangemi, nikawafundisha kwa simu. Sikuwa nimewahi kuwaona. Nilipanga kuwatembelea nikiwa Kisumu, nipige picha, nirudi niwaringie hapa.

Nilimkuta mmoja wao, mama wa makamo, amekaa karibu na kaanga yake. Nikajitambulisha. Akanitazama kwa muda.

"Kumbe ni wewe kijana wa simu," akasema. "Kaa hapo."

Nikakaa.

"Ijumaa niliandika watu saba waliokopa. Simu ikaniambia imehifadhiwa. Jumamosi nikafungua, hakuna hata mmoja. Wako wapi?"

Nilichukua simu yake nikiwa na uhakika kwamba amebonyeza mahali pasipofaa. Wasomaji mnaoandika programu mnaujua uhakika huo, na mnajua ulivyo mbaya. Nikamwomba aandike deni la uongo mbele yangu. Akaandika. Skrini ikasema "Imehifadhiwa" kwa maandishi ya kijani niliyoyachagua mwenyewe. Mtandao mahali pale ulikuwa mstari mmoja, ukizima na kuwaka. Nikafunga programu, nikaifungua. Deni halikuwepo.

Kosa lilikuwa langu, na nitalieleza waziwazi. Mtu alipobonyeza kitufe, programu ilituma rekodi kwa seva na papo hapo ikaandika "Imehifadhiwa" bila kusubiri jibu. Nilifanya hivyo ili ionekane ya haraka. Kangemi seva ilijibu kila mara, kwa hiyo maneno yale yalikuwa kweli. Dunga yalikuwa uongo. Rekodi ikishindwa kufika haikubaki popote, wala kwenye seva wala kwenye simu. Ilipotea hewani.

"Mama, huna daftari?" nikauliza.

"Nilikuwa nalo. Wewe si ulituambia tuache madaftari?"

Ni kweli. Niliwaambia hivyo.

Akaanza kuwataja wadeni wake kwa kichwa, akihesabu kwa vidole: jina, samaki wangapi, shilingi ngapi. Alikumbuka sita. Wa saba hakumkumbuka, ila alijua ni deni la samaki wakubwa watatu. Nilitoa pesa nikamlipa deni la mtu wa saba. Hakukataa. Alizipokea, akazihesabu, akazifunga kwenye kitambaa, akaniambia kesho yake angerudi kwenye daftari.

Samaki watatu si pesa nyingi kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa kompyuta. Kwa anayenunua asubuhi kwa pesa alizopata jana, ni mtaji wa siku. Na hapo nahesabu mama mmoja na siku moja tu. Wangapi wengine waliona maandishi ya kijani wakalala wakidhani madeni yao yako salama, sijui, na siwezi kujua, kwa sababu nilijenga kitu kisichoacha alama kinaposhindwa.

Siku tatu zilizofuata watoto waliogelea kwenye bwawa la kambi, na mimi nilikaa kwenye ile meza ya shemeji nikiandika upya. Kwa wale mnaopenda undani, dawa yenyewe si ngumu kuielewa. Rekodi inaandikwa kwanza ndani ya simu, kwenye hifadhidata ndogo, na hapo ndipo neno "Imehifadhiwa" linaruhusiwa kuonekana. Kisha inaingia kwenye foleni. Mtandao ukipatikana, hata saa sita usiku, foleni inatumwa. Kila rekodi inapewa namba yake ya kipekee simu inapoiunda, ili ikitumwa mara mbili kwa sababu ya mtandao kukatika katikati, seva itambue ni ile ile na isimwandikie mtu deni mara mbili. Na kando ya kila rekodi kuna alama: imetumwa, au bado. Mtumiaji ana haki ya kujua kazi yake iko wapi.

Sehemu ngumu ipo, nisiwadanganye. Simu mbili zikibadilisha deni moja zikiwa nje ya mtandao, nani yuko sahihi? Jibu langu lilikuwa kutofuta kitu: malipo ni rekodi mpya inayoongezwa chini, kama daftari lile lile la mama, ambalo huongeza mstari na hakuna anayefuta wa juu. Nilitumia siku tatu na kompyuta ya bei ghali kurudi kwenye hekima ya daftari la shule.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: "Hayo ni mambo ya kale, siku hizi mtandao uko kila mahali, na Starlink iliingia Kenya Julai 2023." Sawa. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa bara hili, na intaneti ya Kenya na majirani zake ikasuasua kwa siku kadhaa. Westlands pia ilisuasua. Zaidi ya hayo, mtandao kuwepo si mtandao kulipiwa. Watu wengi huzima data ili bando lisiishe. Kwa simu ya namna hiyo, hata chini ya mnara wenyewe, programu yako iko Fort Ternan.

Ya pili: "Wateja hawaombi hayo, wanaomba sura nzuri." Kweli, na leo wanaomba pia akili mnemba, ambayo mara nyingi inakaa kwenye seva ya mbali na kuongeza utegemezi juu ya utegemezi. Lakini mteja anayekuajiri ofisini Upper Hill si yule anayetumia programu ufukweni. Ni kazi yetu kumsemea yule wa ufukweni mezani, kwa sababu hatakuwepo. Na tukumbuke kilichoipa nchi hii jina katika teknolojia. M-Pesa ilianza 2007 ndani ya kadi ya simu ya kawaida, bila kuhitaji intaneti. Haikungoja nchi ibadilike. Ilikutana na mtu pale alipokuwa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kabla hujatangaza programu yako, isafirishe. Huna gari la kulala? Panda basi. Ifungue Mai Mahiu ukiteremka, ifungue Londiani, ifungue ufukweni Dunga kwenye simu ya bei nafuu yenye betri asilimia tisa. Na kama nauli ni shida, zima data hapo hapo ulipokaa, fanya kazi zako zote za siku, kisha iwashe uone nini kimebaki. Jaribio hilo ni la bure na linachukua dakika kumi. Mimi sikulifanya kwa mwaka mzima.

Nina pendekezo jingine kwa wenye kampuni. Kisumu sasa ina LakeHub, ina Zone01, ina vijana wanaoandika programu wakiwa na mtandao huo huo wa mstari mmoja. Hao hawatahitaji kuambiwa kwamba seva inaweza kukosekana. Waajiri, tena si kwa kujaribu tu kazi za Nairobi, wape waziandike.

Tulirudi kwa njia ya Kericho, mvua ya mawe ikitupiga paa hadi watoto wakaziba masikio. Toleo jipya lilikuwa limefika kwenye simu za kikundi siku mbili kabla. Wiki iliyopita nilimpigia yule mama nimuulize inaendaje. Akasema inaenda vizuri, hakuna deni lililopotea. Nikamuuliza kama bado anaandika kwenye daftari.

"Naandika," akasema. "Zote mbili."

Simlaumu. Na ninyi mnaoandika programu, niambieni ukweli: yenu imewahi kufika wapi?